Maji Yanayosukumwa Huenda Wapi?

Wapendwa waamini, na hasa ninyi viongozi wa Halmashauri za Walei, makatekista, na wenyeviti wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo,

Tumeona yatupasa kuwaandikia juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa la wanasayansi na wafanyabiashara wa mbali, wala halina sura ya kuandikwa katika kijitabu cha Haki na Amani. Nalo ni mpango wa mataifa tajiri wa kuikamata hewa ya ukaa itokayo viwandani na kwenye visima vya gesi, kuibana mpaka iwe nzito kama mafuta, na kuishindilia chini ya ardhi katika miamba yenye vitundu ambamo maji yamekaa tangu kale. Hapa Katavi hakuna mtambo wa namna hiyo. Mtatuuliza basi, mbona tunawasumbua? Tunawasumbua kwa sababu neno "kaboni" limekwisha kuingia vijijini mwetu na linalipiwa fedha; kwa sababu katika Bonde la Rukwa watu wenye mashine kubwa wamekwisha kuchimba visima virefu wakitafuta hewa ya namna nyingine; na kwa sababu sisi Watanzania tumezoea kuelimishwa baada ya mkataba kutiwa sahihi. Safari hii tungependa elimu itangulie.

Wapo watakaosema kwamba padre na ashughulikie roho, mambo ya chini ya ardhi awaachie wahandisi. Tunawajibu kwa ufupi: Isaka alipokuwa Gerari aligombana na wachungaji si kwa ajili ya mafundisho bali kwa ajili ya visima, na Maandiko hayakuona haya kuvitaja visima hivyo kimoja kimoja kwa majina. Tuendelee.

Kwanza ni lazima tuelewe jambo lenyewe, maana anayepinga asichokielewa huchekwa, na anayekubali asichokielewa huuzwa. Ninyi mnaoishi kando ya Mto Katuma mnafahamu kwamba wakati wa kiangazi, mto unapokuwa mchanga mtupu, mtu huchimba kidogo akapata maji. Maji hayo hayakukaa katika shimo wala katika pango; yamekaa katikati ya punje na punje za mchanga. Basi jueni kwamba chini kabisa, mita mia nane, elfu moja, elfu mbili, kuna mchanga wa kale ulioshikamana ukawa mwamba, na vitundu vyake navyo vimejaa maji. Si maji matamu kama ya kisima cha parokia. Mara nyingi ni ya chumvi kali. Wenyeji wa Uvinza, jirani zetu wa upande wa Kigoma, wameyachemsha maji ya namna hiyo kupata chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na Ivuna, kule kusini mwa Ziwa Rukwa, watu wamefanya hivyo tangu karne nyingi. Hatuhitaji mtaalamu kutoka ng'ambo kutuambia kwamba chini yetu kuna chumvi na kwamba chumvi hiyo, ikipata njia, hupanda juu.

Sasa hewa ya ukaa ikishuka kupita kina cha mita 800 hivi, kwa joto la kule chini na uzito wa yote yaliyo juu yake, huacha kuwa hewa ya kawaida. Ikiwa na joto lipitalo nyuzi 31 na shinikizo lipitalo mara 73 ya lile la angani, haiwi hewa kamili wala maji kamili: huwa na uzito unaokaribia ule wa mafuta ya taa, lakini hutiririka kwa wepesi kuliko maji. Ndiyo maana huweza kusindikwa nyingi mahali padogo. Nayo ikisukumwa kwa nguvu katika mwamba uliojaa maji, haina chumba kitupu cha kuingia. Kila kitundu kina mwenyewe. Yabidi maji yaondoke ndipo hewa ikae.

Vijana wa parokia wanaweza kulijaribu jambo hili kwa chupa ya plastiki. Jazeni chupa mchanga mkubwa wa mtoni, mimineni maji mpaka yafunike mchanga, kisha toboeni kifuniko matundu mawili na kupitisha mirija miwili, mmoja mfupi unaoishia juu na mmoja mrefu unaofika chini, mkaziba pembeni kwa udongo wa mfinyanzi au nta. Pulizeni katika mrija mfupi. Maji yatatoka kwa ule mrefu. Endeleeni kupuliza mpaka ianze kutoka hewa. Kisha fungueni mtazame: mchanga bado umelowa. Hewa haikuyafukuza maji yote. Ilijipitia katika njia kubwa na rahisi, ikayaacha yale yaliyong'ang'ania katika vitundu vidogo. Mwisho, jazeni tena maji, zibeni mrija mrefu kwa kidole, mpulize. Mashavu yatawauma, na chupa itavimba.

Katika mchezo huo wa dakika kumi mmeona karibu yote ambayo wahandisi hushindana nayo. Wameona, kama ninyi, kwamba hewa haiendi sawasawa kama ukuta unaosonga, bali hutoa vidole vyake mbele na kutafuta upenyo. Kwamba, kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji ya chumvi, hupanda juu mpaka ikutane na mwamba mgumu usiopenyeka, nao ndio kifuniko. Kwamba sehemu yake hukwama katika vitundu isiweze kutoka tena, na hiyo ni heri. Na kwamba sehemu nyingine huyeyuka katika maji kama ilivyo katika soda, yakawa mazito kidogo na kuzama, na hiyo ni heri zaidi. Haki ya mtu apewe: jambo hili si uchawi wala ulaghai mtupu. Wanorwe wamelifanya chini ya Bahari ya Kaskazini, mahali paitwapo Sleipner, tangu mwaka 1996, wakishindilia karibu tani milioni moja kwa mwaka kwa miaka mingi, na hewa hiyo haijarudi juu. Ila hata huko kuna la kujifunza. Walipopima mwaka 1999 walikuta hewa imekwisha kupenya matabaka membamba ya udongo mgumu ambayo yangeizuia, ikafika tabaka la juu kabisa la mchanga ule. Kifuniko kikuu kilishika. Ila mwamba ulikuwa na milango ambayo haikuwamo katika mchoro.

Lakini swali letu si hewa. Magazeti yote huuliza kama hewa itatoroka. Sisi twauliza habari za yule aliyefukuzwa katika chumba chake: maji yale huenda wapi?

Fanyeni hesabu. Tani milioni moja ya hewa hiyo, ikiwa imebanwa kwa kina tulichotaja, huchukua nafasi ya mita za ujazo kama milioni moja na nusu. Ni ndoo milioni 75 za lita ishirini. Tani hizo ni za mwaka mmoja tu wa mtambo mmoja. Maji hayabanwi kama pamba. Yakisukumwa hapa, husukuma jirani yake, na huyo jirani yake, hata shinikizo likafika mbali kuliko hewa yenyewe itakavyofika. Hewa yaweza kusambaa kilometa chache tu, na msukumo wake ukasikika kwa makumi ya kilometa. Mkutano wa kijiji kilicho juu ya kisima utaitwa. Mkutano wa kijiji cha tatu ng'ambo ya mlima hautaitwa, maana katika karatasi za mradi kijiji hicho hakimo.

Na shinikizo hilo likikutana na ufa wa zamani, au kisima cha zamani kilichozibwa ovyo, ndipo maji ya chumvi hupata ngazi ya kupandia mpaka kwenye maji matamu. Bonde letu ni la Ufa, na jina hilo halikutolewa kwa mapambo. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo hili la Rukwa lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopimwa katika Afrika. Visima virefu navyo vipo: Ivuna na Galula vilichimbwa mwaka 1987 kutafuta mafuta, na tangu mwaka 2021 vimechimbwa vingine kutafuta heli, ile hewa ambayo wataalamu wa Oxford na Durham walitangaza mwaka 2016 kwamba imo kwa wingi katika bonde hili. Hatusemi visima hivyo ni vibaya. Twasema kwamba kila tundu lililotobolewa katika kifuniko lazima liandikwe na kukumbukwa, hata baada ya kampuni iliyolitoboa kubadili jina mara tatu.

Tena hewa ikiyeyuka katika maji huyafanya yawe na ukali wa asidi kidogo, na maji ya namna hiyo huweza kulegeza madini yaliyotulia katika mwamba. Hapa Mpanda hatuna haja ya kueleza sana. Reli kutoka Kaliua ililetwa kwetu kwa ajili ya madini ya risasi. Mgodi ulifungwa kabla ya Uhuru, risasi iliyobaki ingali chini.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Australia, katika Kisiwa cha Barrow, kwenye mradi wa gesi uitwao Gorgon unaoongozwa na kampuni ya Chevron. Tutakaa hapa kidogo. Gesi ya pale hutoka ardhini ikiwa na hewa ya ukaa nyingi ndani yake, na serikali iliruhusu mradi kwa sharti kwamba angalau asilimia 80 ya hewa hiyo irudishwe ardhini, kwa wastani wa miaka mitano, katika mwamba wa mchanga uliozidi kina cha kilometa mbili. Wahandisi walijua vema swali la maji. Walichimba visima vya kuyatoa maji ya mwamba ule ili kupunguza shinikizo, na kuyamwaga katika tabaka jingine lililo juu yake. Yaani walikuwa na mrija mrefu, kama wa chupa yenu. Gesi ilianza kuuzwa mwaka 2016. Kushindilia hewa kulianza Agosti 2019, miaka mitatu baadaye. Na ilipoanza, visima vya maji vikazibwa na mchanga! Mrija ulikuwa umezibwa kwa kidole. Maji yasipotoka, hewa haiwezi kuingia bila kuhatarisha mwamba, kwa hiyo msimamizi wa serikali akawawekea mpaka wa kiasi cha kushindilia. Lengo halikufikiwa. Mwaka 2021 kampuni ilitangaza kwamba italipa upungufu huo kwa kununua hati za kaboni za tani milioni 5.23.

Someni sentensi hiyo ya mwisho mara ya pili, ndugu zetu. Mwamba ulipokataa, walikwenda sokoni. Na sokoni huuzwa nini? Huuzwa ahadi ya watu wengine, mara nyingi maskini, kwamba hawatakata miti yao.

Hatusemi kwamba hati hizo zilitoka kwetu. Twasema tu kwamba soko ni moja, na sisi tumo. Vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika, katika milima ya Ntakata, vimeingia katika biashara ya kaboni pamoja na kampuni ya Carbon Tanzania, na fedha zimefika kweli: zimejenga madarasa na zahanati, zimelipia watu bima ya afya. Tunamshukuru Mungu kwa hayo, na tunawapongeza wanakijiji waliolinda msitu. Anayebeza zahanati hajawahi kumbeba mgonjwa kwa baiskeli. Lakini mwenye haki ya kupokea malipo anayo pia haki ya kuuliza mlipaji analipia nini. Kama mlipaji analipia msamaha wa moshi ambao angeweza kuuacha, basi msitu wetu umekuwa kitubio cha mtu asiye na nia ya kuacha dhambi, na sisi mapadre tunajua kitubio cha namna hiyo kina thamani gani. Baba Mtakatifu Fransisko alionya juu ya biashara hii katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, miaka kadhaa kabla hati zetu hazijaanza kuleta fedha.

Wala tusisahau ufundi huu ulizaliwa kwa nia gani. Kuishindilia hewa ya ukaa katika mwamba kulianza kwa upana huko Texas mwaka 1972, na nia haikuwa kuusafisha ulimwengu. Nia ilikuwa kuyasukuma mafuta yaliyogoma kutoka. Mpaka leo sehemu kubwa ya hewa inayokamatwa duniani hufanya kazi hiyohiyo. Inakamatwa kama tani milioni 50 kwa mwaka, na zinazomwagwa angani kwa kuchoma makaa, mafuta na gesi hupita tani bilioni 37. Tanzania yote haifiki hata sehemu moja katika mia ya moshi huo. Mtu akija kutuambia kwamba mwamba wetu una wajibu wa kuupokea, na aanze kwa kutuonyesha mikono yake.

Tusiangukie pia upande wa pili. Tumesikia katika baadhi ya mikutano watu wakitishana kwamba hewa ikishindiliwa Kenya itapasuka na kutuua sisi sote usingizini. Hiyo si kweli, na uongo unaosemwa kwa ajili ya jambo jema hulidhoofisha jambo lenyewe. Hewa ya ukaa huweza kuua, ni kweli. Ndugu zetu wa Goma wana jina lake, mazuku, kwa ile inayotuama katika mabonde chini ya volkano na kuua mbuzi na watoto. Na usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 ilitoka katika Ziwa Nyos, Kamerun, ikaua watu zaidi ya 1,700. Lakini hiyo ilijikusanya yenyewe kwa njia ya volkano, haikushindiliwa na mtu. Kule Rungwe hewa kama hiyo hutoka ardhini, nayo hukusanywa na kutiwa katika mitungi. Soda mnazokunywa kwenye harusi zina mapovu kwa sababu yake. Ni kichekesho kidogo cha ulimwengu huu kwamba mmoja analipwa kuitoa na mwingine analipwa kuizika.

Huko Kenya, karibu na Gilgil, kampuni ya Octavia Carbon iliyoanzishwa mwaka 2022 imeanza kuinyonya hewa ya ukaa kutoka angani kwa kusudi la kuizika katika mwamba wa volkano, ambamo hutumainiwa kugeuka kuwa jiwe. Kwa njia hiyo Waisland walipata matokeo mazuri sana: sehemu zaidi ya tisa katika kumi iligeuka jiwe kwa muda usiozidi miaka miwili, kama walivyotangaza mwaka 2016. Lakini walikuwa na maji. Kwa kila tani ya hewa waliyeyusha kwa tani zaidi ya ishirini za maji. Iceland ina mvua na theluji. Sisi tuna Katuma, ambao wazee wanaukumbuka ukitiririka mwaka mzima, na ambao sasa kila kiangazi huwaacha viboko wa Hifadhi ya Katavi wamelaliana katika tope, kwa kuwa maji yamekwisha kuchepushwa huku juu kwenda mashambani. Tunagombania ndoo, hatuwezi kujadili tani ishirini kwa moja kama watu waliolala.

Basi tunadai nini? Tunadai kwamba siku yeyote atakapokuja na mashine ya kushindilia kitu katika ardhi ya mkoa huu, iwe hewa ya ukaa, iwe maji machafu ya mgodi au ya kisima cha gesi, kwanza aeleze mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, kwa Kiswahili na si kwa picha za rangi, maji yatakayosukumwa ni kiasi gani, yana chumvi kiasi gani, yataelekea upande upi, na nani atakayeyapima yakiwa njiani. Aitwe kila kijiji ambacho shinikizo litakifikia, si kile tu ambacho mashine itasimama. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa iwe na visima vyake vya kupimia, visivyo mali ya kampuni. Na iandikwe katika mkataba nani atakayewajibika baada ya miaka mia moja, maana hewa itakuwapo bado na mkurugenzi hatakuwapo. Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeyaweka maji yote chini ya dhamana ya Rais kwa niaba ya wananchi. Haikusema maji ya juu tu.

Lakini madai bila ushahidi ni kelele, na ushahidi hukusanywa kabla ya kesi. Hakuna atakayeweza kuthibitisha kwamba kisima kimeharibika ikiwa hakuna aliyeandika kilivyokuwa kizima. Kwa hiyo tunamwomba kila katibu wa kigango, kabla ya mvua kuanza, afungue daftari la visima. Kila kisima cha pampu, kila cha kamba na ndoo, kila chemchemi: kipo wapi, kilichimbwa mwaka gani, kina urefu wa mita ngapi, maji husimama wapi mwezi Oktoba. Muwahusishe ndugu zetu Waislamu na wa madhehebu mengine, maana kisima hakina dhehebu. Waulizeni akina mama, ndio wanaojua kuliko mafundi. Andikeni na ladha: matamu, ya magadi, ya chumvi, ya kutu. Nakala moja ibaki kigangoni, moja ipelekwe ofisi ya kijiji ikagongwe mhuri, na moja iletwe parokiani.